Kichina kipi? Neno kwa wanaoanza kujifunza, na kwa wanaoandika habari zake

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako kwa jambo linalowapoteza wengi kabla hawajamaliza hata somo la kwanza. Mtu akisema anajifunza Kichina, mwenzake humwuliza: "Kimandarini, Kikantoni, au kile kilichorahisishwa?" Swali hilo lina kasoro. Kimandarini na Kikantoni ni semi, yaani namna za kuzungumza Kichina. Kurahisishwa ni habari ya maandishi. Mkazi wa Guangzhou husema Kikantoni na kuandika kwa hati iliyorahisishwa. Mkazi wa Taipei husema Kimandarini na kuandika kwa hati asilia. Anayetaka kujifunza ana mambo mawili ya kuchagua, na asipoyatenganisha atanunua kitabu kisichomfaa.

Tuanze na semi. Kichina ni tawi zima la familia ya lugha za Kisino-Tibeti, na kwa desturi wanaisimu hukigawa katika makundi saba. Kimandarini ndilo kubwa: limeenea kutoka Harbin kaskazini-mashariki hadi Kunming kusini-magharibi, na takriban asilimia 70 ya wasemaji wa Kichina wamezaliwa ndani yake. Yue ni ya Guangdong, sehemu ya Guangxi, Hong Kong na Macau, na Kikantoni ndicho sura yake mashuhuri. Wu ni ya Shanghai, Suzhou na sehemu kubwa ya Zhejiang. Min ni ya Fujian, Taiwan, Hainan na pembe ya mashariki ya Guangdong. Hakka haina mkoa wake peke yake. Imetawanyika milimani kusini, na usemi wa Meixian ndio huchukuliwa kuwa kielelezo. Xiang iko Hunan, Gan iko Jiangxi. Atlasi ya lugha za China iliyotoka mwaka 1987 iliongeza makundi matatu, Jin, Hui na Ping, na wataalamu bado wanabishania kama yanastahili kusimama peke yake.

Msomaji wa Kiswahili akisikia "lahaja" huwaza Kimvita, Kiamu na Kiunguja. Wasemaji wa lahaja hizo wakikutana watataniana kwa maneno mawili matatu, lakini mazungumzo yatasonga. Mtu wa Xiamen na mtu wa Fuzhou, wote wa mkoa mmoja wa Fujian na wote wasemaji wa Min, kila mmoja aking'ang'ania usemi wa kwao hawataelewana kabisa. Mtu wa Beijing akiwekwa sokoni Wenzhou hatajua hata bei aliyotajiwa. Kwa upande mwingine, mtu wa Chengdu na mtu wa Harbin, ambao kati yao kuna zaidi ya kilomita 2,000, watasumbuana mwanzoni kisha watazoeana, kwa kuwa wote wawili wamo ndani ya Kimandarini. Sababu ni ardhi na historia. Nyanda za kaskazini zilipitiwa na majeshi, maafisa na wahamiaji kwa karne nyingi, na Sichuan ilijazwa upya na wahamiaji zama za enzi ya Qing. Kusini-mashariki milima ilitenga bonde na bonde, na kila bonde likabaki na lugha yake.

Min ndiyo inayowavutia zaidi wanahistoria wa lugha. Semi nyingine kwa sehemu kubwa zinaweza kuelezwa kwa kuanzia kamusi ya vina ya Qieyun ya mwaka 601. Min haikubali; ina sauti zinazoonyesha kwamba ilijitenga kabla ya hapo. Semi za kusini pia zimehifadhi konsonanti za mwisho ambazo Kimandarini cha Beijing kilizipoteza. "Nchi" ni guó kwa Beijing, gwok kwa Kikantoni, kok kwa Xiamen. "Kumi" ni shí kwa Beijing lakini sap kwa Kikantoni. Shanghai imebaki katikati: p, t na k za mwisho zimegeuka kuwa mkato mmoja kooni. Ndiyo maana baadhi ya mashairi ya enzi ya Tang (618–907) yana vina vinavyovunjika yakisomwa kwa sauti ya Beijing na kukaa sawa yakisomwa kwa Kikantoni.

Kuna pia lugha zisizokuwa za Kichina hata kidogo, ingawa husemwa ndani ya China. Kitibeti ni binamu wa mbali. Kiuyghuri ni cha jamii ya Kituruki, Kizhuang ni cha jamii moja na Kithai, na Kimongolia kina ukoo wake. Kuziita lahaja za Kichina ni kosa la wazi. Kijapani na Kikorea nazo zilikopa maandishi na maneno, basi. Undugu wa damu haupo.

Chaguo la kwanza, basi, ni usemi. Kwa walio wengi jibu ni Putonghua, yaani Kimandarini sanifu. Kilipewa ufafanuzi wake rasmi mwaka 1956: matamshi ya Beijing, msingi wa lahaja za kaskazini, na sarufi ya kazi bora za nathari ya kisasa. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2001 ilikifanya kuwa lugha ya taifa ya mawasiliano, shule na utangazaji. Taiwan hukiita Guoyu, Singapore hukiita Huayu, na tofauti ni za msamiati na lafudhi: tǔdòu ni viazi huko Beijing na ni karanga huko Taipei, taka ni lājī kwa mmoja na lèsè kwa mwingine. Mwaka 2000 Wachina waliomudu Putonghua walikuwa asilimia 53 hivi; kufikia 2020 walipita asilimia 80. Lakini Putonghua si Kibeijing cha mitaani. Wazee wa Beijing humeza silabi na kubandika r mwisho wa maneno mengi kuliko kanuni inavyotaka, na mwanafunzi anayewaiga huonekana anajitia wenyeji. China ina mtihani wa Putonghua wa ngazi tatu, kila moja ikiwa na daraja mbili, kwa raia wake wenyewe: mwalimu wa shule hutakiwa kupata alama 80 kati ya 100, mwalimu wa somo la Kichina 87, na mtangazaji wa taifa 97. Mgeni asijilaumu akikosea sh na s; mamilioni ya watu wa kusini hukosea vilevile.

Anayekwenda Hong Kong, au mwenye shughuli na familia za Guangdong, afikirie Kikantoni kwa dhati, tena asidhani kwamba akijua Putonghua anahitaji kubadilisha matamshi tu. Chukua sentensi "hayupo nyumbani". Putonghua ni tā bú zài jiā. Kikantoni ni keoi m hai uk kei. Hakuna neno hata moja linalolingana. Mpangilio nao hubadilika: "mimi ni mrefu kuliko yeye" kwa Putonghua ni wǒ bǐ tā gāo, mimi-kuliko-yeye-mrefu, kwa Kikantoni ni ngo gou gwo keoi, mimi-mrefu-kupita-yeye. "Tangulia wewe" ni nǐ xiān zǒu kwa mmoja, na kwa mwingine "kwanza" huja mwisho: nei haang sin.

Hapo ndipo penye jibu la dai linalosikika sana, kwamba Wachina wote huandika sawa na husoma tofauti tu. Ni kweli kwa kiasi. Maandishi rasmi yanafuata sarufi ya Kimandarini, na mtu wa Hong Kong huyasoma kwa sauti za Kikantoni. Lakini akiandika anavyosema, hutumia alama za kwao kama 佢 (yeye), 唔 (si) na 嘅 (ya), na msomaji wa Beijing hukwama. Na maandishi ya hanzi, yaani alama za Kichina, si sharti la Kichina kuwapo: Wadungani wa Kirgizia na Kazakhstan husema aina ya Kimandarini na huiandika kwa herufi za Kisirili.

Sasa matamshi, maana hapa ndipo wasemaji wa Kiswahili huangukia, na sababu zake ni mahususi kwetu.

Putonghua kina toni, yaani mipando na mishuko ya sauti inayobadili maana ya neno, nne na moja hafifu. Kwa kipimo cha ngazi 1 (chini) hadi 5 (juu) alichokibuni mwanaisimu Chao Yuen Ren, ya kwanza ni 55, iko juu na haitikisiki; ya pili ni 35, hupanda; ya tatu ni 214, hushuka kisha hupanda; ya nne ni 51, huporomoka. Mfano wa vitabuni wa mā (mama), má (katani), mǎ (farasi) na mà (tukana) ni sahihi ila haufundishi mengi, kwa sababu watu hawasemi silabi moja moja. Zingatia mǎi na mài, kununua na kuuza. Au shuǐjiǎo, maandazi ya kuchemsha yenye nyama, na shuìjiào, kulala. Kikantoni kina toni sita: silabi si, kwa toni tofauti, ni shairi, historia, jaribu, wakati, soko na jambo.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tabia hiyo hutufuata, na kila neno la silabi mbili hutoka juu-chini bila kujali toni zake. Dawa ni kufanya mazoezi ya jozi, si ya silabi pekee. Toni nne kwa nne ni jozi 16. Ongeza nne zinazoishia kwa toni hafifu, zinakuwa 20. Andika kila jozi kwenye kadi pamoja na neno moja halisi, kisha zisome kila siku kwa kuchanganya. Usiongeze msamiati mpya hadi kadi zote 20 zitoke bila kusita.

Kosa jingine ni kupandisha sauti mwisho wa swali. Kichina huuliza kwa kuongeza ma mwishoni, au kwa kukutanisha kitenzi na kanusho lake: shì bú shì, ni au si. Ukipandisha silabi ya mwisho unaweza kubadili neno lenyewe.

Toni ya tatu inafundishwa vibaya karibu kila mahali. Ule mchoro wa kushuka na kupanda huonekana tu neno likisimama peke yake au mwisho wa kauli. Ikifuatwa na toni nyingine yoyote, hubaki chini tu, 21. Ikifuatwa na toni ya tatu mwenzake, ya kwanza hugeuka ya pili: nǐ hǎo husemwa ní hǎo, ingawa alama haibadilishwi kwenye maandishi. Bù (si) huwa bú mbele ya toni ya nne: bú shì. Yī (moja) huwa yí mbele ya toni ya nne, na yì mbele ya nyingine tatu: yí gè, yì tiān, yì nián, yì běn. Ikiwa peke yake au katika kuhesabu hubaki yī.

Kisha mpumuo. Katika pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini uliopitishwa Februari 1958 baada ya kazi ya jopo alimokuwamo mtaalamu wa lugha Zhou Youguang, herufi b, d na g si ghuna, yaani hazitetemeshi nyuzi za sauti. B ya pinyin ni p isiyo na pumzi, na p ni p yenye pumzi nyingi. Wasemaji wa Kimvita wanayo tofauti hii tayari: paa la nyumba halina mpumuo, p'aa wa mwituni anao. Wengine watumie kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo: p, t, k, ch, q na c lazima ziitikise, b, d, g, zh, j na z zisiitikise.

Ch na sh za Kiswahili ziko katikati ya safu mbili za Kichina, kwa hiyo sisi huzifanya mbili kuwa moja. Kwa zh, ch, sh na r, ncha ya ulimi hurudi nyuma ya ufizi wa juu. Kwa j, q na x, ncha hushuka nyuma ya meno ya chini na sehemu ya kati ya ulimi huinuka hadi kaakaa gumu. Safu ya pili hufuatwa na i au ü peke yake, hivyo ju, qu na xu husomwa kwa ü, irabu ya i iliyoviringiwa midomo, hata kama nukta mbili hazikuandikwa. Na ile i ya shi na si sio i ya "simba". Ni mlio wa konsonanti yenyewe uliorefushwa. Mwishoni mwa silabi, ng ni ile ya ng'ombe, bila g na bila irabu ya kuongezea. "Beijingi" ni kosa.

Sarufi tutaipita haraka, maana haitishi. Vitenzi havinyambuliki kwa nafsi wala wakati. Kiambishi le kimeandikwa vitabuni kuwa alama ya wakati uliopita, nayo si kweli; kiko karibu zaidi na -sha- yetu kuliko -li-. Míngtiān wǒ chīle fàn jiù zǒu ni "kesho nikishakula nitaondoka". Nomino huhesabiwa kwa neno la kati linalofuata umbo la kitu: sān běn shū, vitabu vitatu, liǎng zhāng zhǐ, karatasi mbili, yì tiáo lù, njia moja. Aliyezoea ngeli hatashangaa, ila hapa upatanisho haufiki kwenye kitenzi. Ukisahau neno la kati, tumia gè; utaeleweka.

Chaguo la pili ni hati. Hati iliyorahisishwa ilianza kutangazwa mwaka 1956, na orodha ya 1964 ina alama zaidi ya 2,200 zilizopunguzwa michoro. Hutumika China bara, Singapore na Malaysia. Hati asilia hutumika Taiwan, Hong Kong na Macau. Anza na ya mahali unapolenga, usizichanganye mwaka wa kwanza. Ukihamisha maandishi kwa kompyuta kutoka hati rahisi kwenda asilia, yakague kwa macho: 发 ya hati rahisi ni alama mbili katika hati asilia, 發 (toa) na 髮 (nywele), na programu ikichagua vibaya, nywele hugeuka kitenzi.

Orodha rasmi ya 2013 ina alama 8,105, lakini 3,500 tu ndizo za ngazi ya kwanza, na takriban 2,500 zinatosha kwa asilimia 98 hivi ya matini ya kawaida. Usizikariri kama picha. Nyingi mno zina sehemu mbili, moja ya maana na moja ya sauti. 青 husomwa qīng; ukiiwekea maji inakuwa 清 qīng, -angavu kama maji safi; ukiiwekea usemi, 请 qǐng, tafadhali; ukiiwekea moyo, 情 qíng, hisia; ukiiwekea jua, 晴 qíng, anga isiyo na mawingu. Andika kwa mkono alama 200 hadi 300 za kwanza kwa kufuata utaratibu wa michoro, juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, kwa kuwa bila hivyo hutaweza kutafuta kwenye kamusi wala kusoma mwandiko wa mtu. Baada ya hapo simu inatosha: andika pinyin bila toni, kisha chagua alama. Ü huandikwa kwa herufi v. Wengi hutafuta nǚ, mwanamke, kwa nu na hawaioni. Usihesabu alama badala ya maneno. Dōng ni mashariki na xī ni magharibi, lakini dōngxi ni kitu.

Neno la mwisho ni kwa meza yako, Mhariri. Jina la ukoo la Mchina hutangulia: Xi Jinping ni Rais Xi, kamwe si Rais Jinping. Ukoo mmoja huandikwa kwa sura nyingi kulingana na usemi wa familia: 陈 ni Chen kwa Putonghua, Chan kwa Kikantoni, Tan kwa Min ya kusini, 林 ni Lin, Lam au Lim. Wong wa Hong Kong anaweza kuwa Wang au Huang, hivyo usimsahihishe mtu tahajia ya jina lake. Viongozi wa zamani wa China, Sun Yat-sen na Chiang Kai-shek, wamebaki na sura za Kikantoni. Kwa Putonghua wao hujulikana kama Sun Zhongshan na Jiang Jieshi, na ni vizuri kutaja sura zote mbili mara ya kwanza. Amoy ya vitabu vya zamani ni Xiamen, na Canton ni Guangzhou. Na mikoa miwili inayopakana, Shānxī na Shǎnxī, hutofautiana kwa toni tu. Kwa kuwa magazeti hayachapishi alama za toni, ule wenye mji wa Xi'an huandikwa Shaanxi, kwa a mbili. Mhakiki wako asiifute hiyo a ya pili akidhani ni kosa la chapa.

Wako,
Walimu wa lugha ya Kichina